KARATA ZA AKILI NA KAMARI ZA BAHATI: SWALI LIPI LINATANGULIA?

  



Katika maswali mliyotuletea walimu mwaka huu lipo moja lililokuja kwa miandiko mingi, ya wavulana na hata ya wasichana wawili watatu. Kwa ufupi linasema hivi: kubeti kwenye simu tunajua ni kamari, maana ni bahati tupu. Lakini karata za mtandaoni zinataka akili, kumbukumbu na hesabu. Sasa mwenye akili akimshinda asiye na akili, akapata pesa, kosa lake ni lipi? Si sawa na mwanafunzi aliyesoma akafaulu?

Swali hili si la kipuuzi, wala halijibiwi kwa fimbo. Aliyeliuliza ametumia akili, na wapo watu wazima katika nchi kubwa, mahakimu na mawakili, waliolijadili kwa miaka mingi. Basi na tulijadili kwa utulivu. Kwanza tuijue michezo yenyewe, kwani hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu hicho.

Bao, karata, mkeka na ndege

Ipo michezo isiyo na chembe ya bahati. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na kila kete iko wazi mbele ya macho ya wachezaji wote wawili. Hakuna kinachofichwa na hakuna kinachorushwa. Ukifungwa umefungwa na akili ya mwenzako, huna wa kumlaumu. Drafti ni hivyo hivyo.

Karata ziko katikati. (Majina yake yenyewe ni ya wageni: karata, kopa, shupaza, uru, pau, hata turufu, yote yana asili ya Kireno, yamebaki midomoni mwetu ingawa Wareno walitolewa Mombasa mwaka 1698.) Unapogawiwa karata hujui utapata nini, hiyo ni bahati. Lakini ukishazishika kuna kukumbuka zilizotoka, kukisia zilizobaki mkononi mwa mwenzako, na kujua lini uitoe turufu na lini uizuie. Mkicheza mara moja, mwanagenzi anaweza kumfunga bingwa. Mkicheza mara mia mbili, bingwa atakuwa mbele.

Hili si dhana, limepimwa. Mwezi Januari 2017, katika mji wa Pittsburgh huko Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilicheza karata za poka na mabingwa wanne kwa siku 20, jumla ya michezo 120,000, ikawashinda. Kama poka ingekuwa bahati tupu, programu isingeweza kuwa mbele kiasi kile. Kwa hiyo wanaosema karata zina ujuzi wanasema kweli, wala hatuhitaji kuwabishia. Ila na wao wajue upande wa pili wa habari hiyo. Unapocheza karata kwenye simu humuoni unayecheza naye. Unaona jina na picha. Kama ni binadamu au ni programu ya aina hiyo, wewe wa Mabamba utajuaje?

Halafu kuna mkeka. Hapa ndipo vijana wengi wanapodanganyika, kwa sababu mkeka unavaa nguo za ujuzi. Kijana anaijua ligi ya Uingereza kuliko anavyoijua Juzuu Amma: nani ameumia, nani ana kadi nyekundu, nani hajawahi kufungwa nyumbani. Anaona anatumia elimu. Hebu tufanye hesabu ambayo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaiweza.

Chukua, kwa mfano tu, mechi ambayo matokeo yake matatu, kushinda, sare na kufungwa, yana uzito sawa. Namba ya haki ya kuzidishia, ile vijana wanaiita odi, ingekuwa 3.00, maana ukicheza mara tatu utapata mara moja. Kampuni haiwezi kutoa 3.00, ingekula wapi? Tuseme inatoa 2.70. Hapo kila shilingi 1,000 unayoweka, kwa wastani zinarudi 900. Si mbaya sana, utasema. Lakini nani anacheza mechi moja? Kijana anasuka mkeka wa mechi kumi apate pesa nyingi kwa dau dogo. Ile sehemu ya kumi inayokatwa hukatwa mara kumi: 1,000 inakuwa 900, 900 inakuwa 810, 810 inakuwa 729, na kuendelea. Ukifika mechi ya kumi, thamani halisi ya ile 1,000 ni kama shilingi 349. Uwezekano wa kupatia zote ni mmoja katika 59,049. Ukipatia, unalipwa kama milioni 20 na laki 6, na mtaa mzima unasikia. Hesabu ya haki ingekuwa milioni 59. Hata mshindi amepunjwa, na anashangilia.

Na ule ujuzi wake wa mpira? Umeshaingizwa ndani ya namba. Wanaopanga odi wanazijua timu kuliko yeye, na wana kompyuta. Akiwa kweli ni hodari kupita wao, hapendwi: huko Ulaya ni jambo linalojulikana kwamba mteja anayeshinda mara kwa mara hupunguziwa kiwango cha dau anachoruhusiwa kuweka. Mwenye duka anayemfukuza mteja hodari na kumkaribisha mteja mzembe, jiulizeni anauza nini.

Mwisho kuna ile ndege, Aviator, mchezo uliotolewa mwaka 2019 na kampuni ya Spribe yenye asili ya Georgia. Ndege inapaa, namba inapanda, unatakiwa utoe pesa kabla haijapotea. Vijana husema huu nao una ujuzi, ni kujua wakati wa kutoka. Hakuna ujuzi hapo. Wenyewe wanatangaza kwamba mchezo unarudisha wastani wa asilimia 97. Maana yake ukijiwekea kutoka kwenye 2, utapata mara 48 au 49 katika mia. Ukijiwekea kutoka kwenye 10, utapata chini ya mara kumi katika mia. Popote utakapotoka, wastani ni ule ule 97. Kidole chako hakibadilishi kitu.

Asilimia 97 inaonekana ukarimu, lakini tazameni kasi yake. Raundi moja ni ya muda mfupi mno. Mtu akiwa anairudisha pesa yake yote mchezoni, wastani baada ya raundi 23 nusu imekwisha, na baada ya raundi 100 katika 1,000 imebaki kama 48. Raundi 100 zinakwisha kati ya Magharibi na kulala. Na wale wanaouza "siginali" za kujua ndege itapotea wapi, waulizeni jambo moja: kwa nini anakuuzia wewe kwa shilingi 5,000, asicheze mwenyewe awe tajiri?

Maswali mawili, na utaratibu wake

Sasa tumefahamu michezo, twende kwenye hukumu. Wengi wanakosea hapa kwa sababu wanaanza na swali la pili na kulisahau la kwanza.

Swali la kwanza ni hili: je, kuna mali iliyowekwa, kwamba mmoja wetu akipata mwingine anapoteza? Swali la pili ndilo la ujuzi au bahati. Ukijibu ndiyo katika la kwanza, la pili huna haja nalo tena.

Tutazame Qur'ani. Katika Suratul Maida, aya ya 90, Allah (s.w.) ameitaja kamari pamoja na pombe, masanamu na mishale ya kupigia ramli, akaviita uchafu katika kazi ya shetani na akatuamrisha tuviepuke. Aya ya 91 inataja kwa nini. Inataja uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa na kumkumbuka Allah na Swala. Someni aya hiyo kwa makini, na tafsiri mnazo majumbani. Neno bahati halimo. Hatukuambiwa kamari imekatazwa kwa kuwa haina akili. Basi kamari yenye akili haikutoka ndani ya aya hiyo.

Tena ile maisiri ya Waarabu wa zama za ujahilia, ambayo ndiyo aya iliteremka juu yake, inafaa kuijua. Walinunua ngamia, wakamchinja na kugawa nyama mafungu. Walikuwa na mishale 10 isiyo na ncha, 7 ina mafungu na 3 mitupu. Kila mtu na mshale wake, inachanganywa katika mfuko, inachomolewa mmoja mmoja. Aliyepata alipata mafungu, aliyetokewa na mitupu alilipa bei ya ngamia. Na washindi katika wao hawakuila nyama ile, waliwapa mafukara, wakijifaharisha kwa ukarimu, hasa wakati wa ukame. Wanazuoni wa tafsiri wanasema hiyo ni katika zile manufaa ambazo Suratul Baqara aya ya 219 imezikubali kuwa zipo, kisha ikasema madhambi yake ni makubwa zaidi. Kwa hiyo anayekuambia kampuni za kubeti zinalipa kodi, zinadhamini timu, mwaka 2017 jina la moja wapo lilikuwa kifuani mwa jezi za Simba na za Yanga kwa pamoja na Everton ikaletwa Dar es Salaam tukamuona Rooney akifunga, usimbishie. Manufaa yapo. Aya ilishayahesabu manufaa kabla yetu.

Wengine husema: tumekubaliana, hakuna aliyelazimishwa. Jibu liko katika Suratun Nisaa aya ya 29: tumekatazwa kuliana mali kwa batili, na kilichovuliwa ni biashara ya kuridhiana. Ridhaa peke yake haitoshi, lazima iwe ridhaa ndani ya biashara. Katika biashara mimi natoka na maharage yako, wewe unatoka na pesa yangu. Katika kamari mmoja anatoka na vyote.

Hapa kuna kijana huniuliza kila mwaka: ustadhi, mbona mkulima naye anabahatisha? Anapanda mahindi Mabamba hajui mvua itakuja au la. Kweli, hajui. Lakini mvua ikinyesha akavuna gunia 20, ni nani aliyepoteza gunia 20 ili yeye azipate? Hakuna. Zimeongezeka duniani, na aliyevuka kutoka Burundi akazinunua sokoni amepata chakula. Hatari ya mkulima inazaa kitu. Karata haizai hata punje moja. Kilichoko mezani ni kile mlichokuja nacho, kinahama mfuko tu.

Tena mtandaoni hakihami chote, kwa sababu mwenye meza anakata chake. Chukua mfano wa karata za pesa: kila mchezo wenye shilingi 1,000 mezani kampuni inakata 50. Wachezaji kumi wamekuja na shilingi 10,000 jumla. Baada ya michezo mia moja, 5,000 zimeshaondoka mezani, hata kama hakuna aliyemshinda mwenzake. Ndiyo maana anayeishi kwa karata hawezi kuishi bila wajinga wapya. Katika lugha ya wacheza poka mchezaji dhaifu huitwa samaki. Mnaona wenyewe, mwenye ujuzi ni mvuvi. Basi ule ujuzi mliodhani unaisafisha pesa, unaitia doa zaidi. Katika bahati tupu, walau sote ni vipofu. Katika karata za pesa, mwenye macho anamvua kipofu, na anajua.

Na msitafute ushahidi katika kisa cha Sayyidna Abubakar (r.a.) alipowekeana ngamia na washirikina kwamba Warumi watashinda. Kisa kimepokewa, lakini kilikuwa kabla ya kuharamishwa, na yeye alitegemea ahadi ya Allah katika Suratu Rum. Sisi tunategemea mguu wa mshambuliaji.

Kuna jambo jingine linaloonesha kwamba ujuzi si ufunguo wa kufungua kila mlango. Mtume (s.a.w.), katika Hadithi waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Nasai, aliruhusu zawadi za mashindano katika mbio za ngamia, mbio za farasi na kulenga mishale. Michezo yote yenye ujuzi ingekuwa halali kuwekewa mali, asingehitaji kuyabagua hayo matatu, nayo ni mazoezi ya kujihami. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu kuyapanua kwa kufananisha, lakini sikuona aliyefika kwenye karata.

India ilianza na swali la pili

Nimewaahidi kwamba hata mahakama zimejadili. Mwaka 1968 Mahakama Kuu kabisa ya India ilisema mchezo wa karata uitwao rami ni wa ujuzi zaidi kuliko bahati. Kesi ilihusu klabu ya watu wazima wanaokaa meza moja. Intaneti ilipokuja, kampuni zikaichukua hukumu hiyo na kujenga juu yake biashara kubwa ya karata za pesa kwenye simu, zikisema sisi si kamari, sisi ni ujuzi. Majimbo yakapiga marufuku, kampuni zikaenda mahakamani, miaka ikapita katika kubishana mchezo upi una ujuzi kiasi gani. Mwezi Agosti 2025 Bunge la India likapitisha sheria ya kukataza michezo ya mtandaoni ya kuwekea pesa, iwe ya ujuzi au ya bahati. Miongoni mwa yaliyotajwa ni madeni, kuharibikiwa kwa familia na watu kujiua. Kampuni zikaipeleka sheria hiyo nayo mahakamani. Sisemi haya kuipa nchi yoyote cheo cha dini. Nasema tu, walizunguka zaidi ya nusu karne, na bunge likafika kwenye swali la kwanza.

Hapa kwetu sheria inaruhusu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ni ya mwaka 2003, ipo Bodi inayosimamia, na inamkataza aliye chini ya miaka 18. Basi mwanafunzi wa madrasa mwenye miaka 15 amekatazwa na milango miwili kwa pamoja. Tena laini za simu zimesajiliwa kwa alama ya kidole. Ukibeti kwa laini ya baba, jina lililoandikwa kule ni la baba, mtu ambaye pengine hajui hata kufungua intaneti.

Karata bila pesa

Kama hakuna dau lolote, ndipo tunaingia swali la pili, na hapa akili na bahati vina nafasi yake katika fiqhi. Sisi wengi tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi (r.h.). Katika madhehebu hayo nardi, mchezo wa dadu, ni haramu kwa Hadithi sahihi. Sataranji, isiyo na dau na isiyozuia Swala, ni makruhu. Maimamu wengi wengine wameikataza. Mafakihi wa Kishafi wakaeleza tofauti: nardi tegemeo lake ni dadu, sataranji tegemeo lake ni fikra na hesabu. Ndipo wakapima michezo mingine kwa mizani hiyo hiyo. Vitabu vyao vinataja hata mchezo wa ubao wenye vishimo na vijiwe, huitwa minqala, ambao ni ndugu wa bao letu.

Kwa hiyo, enyi mliouliza, wanazuoni wenu walishaifahamu tofauti ya akili na bahati mamia ya miaka kabla ya simu. Ila waliiweka mahali pake, baada ya kuhakikisha hakuna dau. Karata bila pesa zina khitilafu, kwa vile zimechanganya yote mawili. Wapo waliozikataza, wapo waliozichukia bila kuziharamisha. Binafsi naona kijana akicheza lasti kadi na dada zake siku ya Idi simpigii kelele. Lakini nimewaona wacheza karata chini ya mwembe adhana ya Laasiri ikiwapita kama gari lisilosimama, na hao sina la kuwatetea.

Karata za simu zisizo na pesa zina hila yake. Programu nyingi huanza kwa kukupa sarafu za bandia bure. Zikiisha, unaambiwa ununue nyingine kwa pesa halisi. Siku utakapotoa shilingi ya kwanza, rudi usome tena lile swali la kwanza.

Kamari tusizoziita kamari

Hapa nitawagusa wengi, wakiwemo watu wazima.

Meza ya puli: anayefungwa ndiye anayelipia gemu. Puli ina ujuzi mkubwa, lakini mmoja amecheza bure kwa pesa ya aliyefungwa. Hiyo ndiyo sura ya kamari, ijapokuwa ni shilingi 200. Mkitaka kucheza, kila mmoja alipe nusu kabla ya kuanza. Ile ya "atakayefungwa ananunua soda" ni hiyo hiyo.

Ligi ya mbuzi: kila timu inatoa kiingilio, zinakusanywa, ananunuliwa mbuzi, bingwa anamchukua. Mbuzi yule ni pesa za waliofungwa. Vijana wa hapa wanauliza, basi tusicheze mpira? Chezeni. Mbuzi atolewe na mtu asiyecheza, diwani, mfanyabiashara, mzee yeyote mwenye uwezo, na viingilio viende kwenye mipira, chokaa na posho ya refa. Wanazuoni wengi wa leo wameiruhusu sura hiyo. Mabadiliko ni madogo na mbuzi ni yule yule.

Ujumbe wa simu unaosema tuma neno fulani kwa shilingi kadhaa uingie kwenye droo ya pikipiki: umetoa mali, wengi watakosa, mmoja atapata. Lakini mashindano ya Qur'ani ya madrasa, ambayo zawadi hutolewa na wafadhili na hakuna mwanafunzi anayelipia kushindana, hayamo kabisa katika mlango huu.

Aliyekwishaingia

Wazazi, dalili mnaziona lakini hamzitafsiri. Mtoto anauliza salio la simu mara kwa mara. Pesa ya maharage inapungua mia tano, elfu moja, siyo nyingi za kustua. Ujumbe wa mikopo ya simu unakuja na hakuna mtu nyumbani anayesema amekopa. Badilisheni namba ya siri ya pochi ya simu, na msimtume mtoto kutoa pesa kila mara kwa sababu yeye ndiye anayejua kubonyeza. Kisha zungumzeni naye kabla ya kumpiga. Anayepigwa kwanza hujifunza kuficha, na deni la kamari likifichwa hukua.

Kwa kijana aliyecheza: Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika Hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba anayemwambia mwenzake njoo tucheze kamari na atoe sadaka. Hiyo ni kwa kutamka tu. Anza hapo, futa programu, na usijaribu kurudisha ulichopoteza kwa kucheza tena, maana hiyo ndiyo kamba inayomfunga kila mcheza kamari.

Na aliyeshinda? Swali hili pia lililetwa: mtu aliweka 5,000, akatoa 85,000, sasa ametubia. Zile 5,000 ni mali yake. Zile 80,000 hazimiliki. Kama amezipata kwa karata na watu anaowajua, awarudishie. Kama hawajulikani, azitoe kwa mafukara au maslahi ya watu wote kwa nia ya kujisafisha, bila kutarajia thawabu za sadaka. Kama ameshazitumia, ameezekea bati au amenunua simu, habomoi wala havunji. Kiasi hicho kinakuwa dhima juu yake, anakitoa kidogo kidogo kadiri Allah anavyomjaalia. Akiwa hana kitu kabisa, aje tuonane baada ya Swala ya Alasiri, kwani wanazuoni wana maneno maalumu juu ya fukara aliyetubia, na hesabu ya kila mtu ni tofauti. Hatuandiki jina la mtu, na mzazi hataitwa bila mwenyewe kuridhia.